Vipimo, Fedha na Vyeo katika Biblia ya Kiswahili ya 1952

Wenye kuzikagua tafsiri za Biblia hushindana sana juu ya maneno ya imani. Neno lipi lifae kwa neema, lipi kwa dhabihu, lipi kwa roho: hayo yameandikwa na kujibiwa mara nyingi. Lakini maneno ya sokoni na ya barazani, kama pishi, rupia, senti, liwali na kadhi, hupita kimya kana kwamba hayana taabu. Sisi twaona kwamba taabu imo humo, tena si ndogo. Kwa maana mifano mingi ya Injili imejengwa juu ya kipimo au juu ya bei, na bei ikipotea, mfano nao hupungua nguvu.

Kitabu tunachokitazama ni Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ambayo wengi huijua kwa jina la tafsiri ya umoja. Kabla yake palikuwa na tafsiri ya Kiunguja na tafsiri ya Kimvita, na makusudi ya hii mpya yalikuwa kuwapa wasomaji wote kitabu kimoja. Imesomwa kwa zaidi ya miaka 70, na lugha yake imeingia katika sala na mazungumzo ya Wakristo wa Tanzania na Kenya. Hatuandiki ili kuishusha. Twaandika kwa kuwa kitabu kipendwacho namna hii chastahili kusomwa kwa makini hata mahali panapotajwa vibaba na senti.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi nchi zinavyopata vipimo vyake. Kipimo si kitu cha asili kama mvua. Ni mapatano ya watu, na kila taifa hupatana kwa sababu zake. Wafaransa waliweka meta na kilo kwa sheria ya mwaka 1795, katika mapinduzi yao, walipochoka na vipimo vilivyotofautiana mji kwa mji. Hata hivyo watu wao hawakuviacha vipimo vya zamani upesi, na ilipasa meta ilazimishwe kwa sheria tangu mwaka 1840. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mapatano ya meta mjini Paris. Marekani ilikuwamo miongoni mwao, na hata leo watu wake hupima njia kwa maili. Uingereza haikuwamo, ikajiunga mwaka 1884, na barabara zake hupimwa kwa maili hadi sasa.

Nchi zetu zilipokea vipimo pamoja na wageni. Kutoka kwa Waarabu tulipata ratili, wakia, dhiraa na shibiri. Kutoka Bara Hindi tulipata rupia na pesa. Wajerumani, ambao kwao walitumia meta na kilo tangu mwaka 1872, walizileta Tanganyika. Na mwaka 1904 waliondoa hesabu ya pesa 64 kwa rupia, wakaigawanya rupia kuwa heller 100. Waingereza walipoishika nchi hiyo walirudisha watu kwenye maili na ratili. Baada ya uhuru meta na kilo zikarudi tena. Hivyo mtu mmoja aliyeishi maisha marefu aliweza kufundishwa kilo, akafundishwa ratili, akafundishwa kilo mara ya pili, na hali shamba lake halikusogea hata hatua moja. Tena Waingereza hao hao walitupa mwaka 1921 shilingi yenye senti 100, nao kwao shilingi ilikuwa ya peni 12 mpaka mwaka 1971. Walitoa ugenini kitu wasichokuwa nacho nyumbani.

Twaeleza hayo kwa sababu wafasiri wa Biblia yetu walikuwa na rundo la vipimo vya mataifa manne au matano mkononi, kila kimoja kikiwa na umri wake. Ilikuwa lazima wachague. Na mwenye kuchagua ana njia tatu: kuliacha jina la kigeni kama lilivyo, kutia kipimo cha wenyeji mahali pa kile cha kigeni, au kueleza jambo lenyewe bila ya kutaja kipimo. Wafasiri wetu walizitumia zote tatu. Rai yetu ni kwamba kipimo hakifasiriki kwa jina lake tu, wala kwa hesabu yake tu, bali kwa kazi kiifanyayo kati ya watu. Na kwa kanuni hiyo twataka kuipima kazi yao.

Tuanze na mahali walipofaulu. Hakuna tafsiri ya Ulaya iwezayo kushindana na Kiswahili katika habari ya saa. Katika Injili saa za mchana huhesabiwa tangu jua kuchomoza, na ndivyo ihesabuvyo pwani yetu na bara yake. Basi msomaji wa Kiswahili akisoma kwamba giza lilikuwako tangu saa sita hata saa tisa, hana haja ya maelezo: anaijua saa sita kwa kivuli chake mwenyewe kilicho chini ya miguu. Akisoma habari za wakulima walioajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, aona mara moja kwamba hao wa mwisho walibakiwa na saa moja tu kabla ya jua kutua, na anaelewa kwa nini wale wa asubuhi walinung'unika. Mwingereza asomaye habari hiyo katika tafsiri yake ya zamani hukuta saa ya tisa, akadhani ni asubuhi, mpaka mwalimu amweleze. Hapa kazi ya kipimo imevuka bahari nzima bila ya kumwagika tone.

Wamefaulu tena katika njia ya Emau. Asili ya Kiyunani yataja stadio 60, ambazo ni karibu na kilometa 11. Wafasiri hawakuandika stadio wala maili. Waliandika mwendo wa saa mbili. Hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyopima njia, na habari yenyewe ni ya watu wawili wanaotembea na kuzungumza. Kadhalika dhiraa na shibiri, zinazotajwa katika habari za safina na za Goliathi, zilichaguliwa vema, kwa kuwa ni vipimo vya mwili. Mtoto aweza kuunyosha mkono wake darasani na kuhesabu dhiraa sita na shibiri moja ukutani, akaona jinsi mtu yule alivyokuwa mrefu.

Lakini sifa ya juu kuliko zote twaitoa kwa neno moja katika Ufunuo, mlango wa 6, mahali pa farasi mweusi na njaa. Asili yataja kipimo cha Kiyunani kinachokaribia lita 1, ambacho kilikuwa ndicho nafaka ya mtu mmoja kwa siku moja. Wafasiri wakatia kibaba. Sasa kibaba kilikuwa nini kwetu? Kilikuwa robo ya pishi. Na katika misafara ya zamani kibaba cha nafaka ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku. Kazi ni ile ile kabisa. Bei iliyotajwa ni ujira wa siku nzima. Maana yake, mtu atafanya kazi kutwa apate chakula chake mwenyewe tu, na mkewe na watoto wasipate kitu. Msomaji aliyejua kibaba aliisikia njaa hiyo tumboni.

Basi yatushangaza kwamba mkono uliochagua kibaba kwa busara hivi ulichagua pishi bila ya busara hiyo. Katika Mathayo 13 mwanamke atia chachu katika unga wa pishi tatu. Kipimo cha asili, kile ambacho Waebrania walikiita sea, kilikuwa karibu na lita 13. Vitatu vyake ni karibu na lita 39. Pishi yetu ilikuwa ya vibaba vinne, yapata ratili 6 za nafaka. Kwa hiyo pishi tatu hazifiki hata sehemu ya tatu ya unga uliotajwa. Wako watakaosema, hilo lina madhara gani? Lina madhara haya: unga wa pishi tatu ni unga wa nyumba yenye wageni, jambo la kawaida. Unga wa lita 39 ni unga wa karamu ya watu zaidi ya 100, nao umechachishwa na mwanamke mmoja kwa chachu kidogo iliyofichwa. Mfano wataka tustaajabu, na pishi tatu hazimstaajabishi mtu. Pangeandikwa madebe mawili, kila mpishi wa arusi angeinua macho.

Hali ni hiyo hiyo katika arusi ya Kana. Mabalasi sita yasemwa kuwa na nzio mbili au tatu kila moja. Nzio lilikuwa neno jema la pwani, lakini ni wachache leo wanaojua kwamba ni mtungi mkubwa wa maji, na wachache zaidi wanaojua kadiri yake. Kwa kipimo cha asili kila balasi lilichukua yapata madebe manne hata sita. Msomaji asiyejua nzio hupita hapo akidhani divai ilikuwa ya kutosha tu, na hali Injili yataka kusema kwamba ilikuwa nyingi kupita haja ya arusi yoyote.

Sasa tuje kwenye fedha, ambapo lawama yetu ni kubwa zaidi. Sarafu ya Kirumi iitwayo dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Katika Mathayo 20 wafasiri wameiacha kwa jina lake: wakulima wapatana dinari kutwa. Katika Ufunuo 6 sarafu ile ile imeitwa nusu rupia. Basi msomaji hawezi kujua kwamba bei ya kibaba katika njaa ni ule ule ujira wa shamba la mizabibu, na huo ndio ufunguo wa maneno yenyewe. Tena nusu rupia ilikuwa imekwisha kufa sokoni kitabu kilipotoka. Bara, rupia iliondolewa kuanzia mwaka 1920 kwa hesabu ya shilingi mbili. Unguja iliondolewa mwaka 1936 kwa hesabu ya shilingi moja na nusu. Kwa hiyo mzee wa Tanga aliyekumbuka nusu rupia alihesabu shilingi moja, na mzee wa Unguja alihesabu senti 75, katika kitabu kilichokusudiwa kuwaunganisha.

Hata hivyo tusiwaonee. Tukiihesabu dinari kuwa nusu rupia, yaani pesa 32, twagundua jambo zuri. Kwa hesabu ya Warumi dinari moja ni asario 16, asario moja ni kodrante 4, na kodrante moja ni lepta 2. Kwa hiyo kodrante ni nusu pesa sawasawa. Na katika Marko 12 sadaka ya mjane, ambayo ni kodrante moja, imefasiriwa kuwa kiasi cha nusu pesa. Hilo halikutokea kwa bahati. Mtu aliketi na kalamu akapiga hesabu, akapata. Na zile lepta mbili zenyewe zimeitwa senti mbili, jambo linalokaribia kweli kama dinari ni shilingi moja.

Lakini hesabu hiyo njema haikushikwa mpaka mwisho. Katika Luka 12 imeandikwa kwamba shomoro watano huuzwa kwa senti mbili. Asili pale si lepta. Ni asario mbili, na kila asario ni lepta nane. Sasa msomaji asome Injili hiyo hiyo ya Luka hata mlango wa 21, atamkuta mjane akitia senti mbili. Maneno ni yale yale. Mwanafunzi mwenye akili atauliza, na swali lake ni la haki: Mwalimu, mjane yule angaliweza kununua shomoro watano? Kwa Kiswahili, ndiyo. Kwa Kiyunani, hata shomoro mmoja hangempata. Fedha yake yote ilikuwa robo ya bei ya shomoro wawili. Shomoro ndiye aliyetajwa kuwa kitu duni kuliko vyote sokoni, na mjane ametajwa kuwa hana hata bei ya kitu duni. Mambo hayo mawili yalikuwa yakiangaliana katika kitabu kimoja, na neno senti limewatenganisha kwa kuwasawazisha.

Tena dawa ilikuwa karibu. Mwaka 1952 mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki palikuwa na sarafu ya senti tano na sarafu ya senti kumi, zenye tundu katikati. Kama dinari ni shilingi, asario yakaribia senti sita. Wangeandika shomoro wawili kwa senti tano, na watano kwa senti kumi, ulinganifu wote ungalisimama: shomoro wa tano angetolewa bure, kama Injili itakavyo, na mjane angebaki na umaskini wake kamili.

Njia ya kuliacha jina la kigeni nayo ina hasara yake. Katika Mathayo 18 mtumwa mmoja awiwa talanta elfu kumi, naye amwia mwenzake dinari mia. Majina yote mawili ni ya kigeni, na masikio yetu hayapimi. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000; deni la kwanza basi ni dinari milioni 60, mara 600,000 ya deni la pili. Mtu anayepata dinari kutwa angelipa deni la pili kwa miezi michache, na lile la kwanza asingelilipa hata kwa maisha ya watu elfu mbili. Asiyeijua hesabu hiyo asikia tu kwamba mmoja aliwiwa kingi na mwingine kidogo. Zaidi ya hayo, neno talanta sasa limekuwa kwetu jina la kipaji, hata kijana asomaye aweza kudhani mtumwa yule aliwiwa vipaji elfu kumi.

Baada ya mizani na fedha, yatupasa tutazame vyeo, maana sheria na utawala navyo ni mapatano ya taifa kama vile vipimo. Wafasiri walimvika Pilato cheo cha liwali, walimwita yule mkubwa wa askari mia akida, walimweka Mathayo forodhani, na mwamuzi wa Luka 18 wakamwita kadhi. Kwa maneno hayo manne walijenga Uyahudi wote ndani ya mji wa pwani. Katika siku zao ilikuwa kazi ya ustadi. Liwali alikuwa mtawala aliyewekwa na Sultani aliye mbali, kama Pilato alivyowekwa na Kaisari aliye mbali. Msikilizaji wa Mombasa au Lamu alifahamu mara moja kwa nini mtu wa namna hiyo huogopa kushitakiwa kwa mkubwa wake.

Akida alikuwa zamani mkuu wa watu wa vita, na kwa maana hiyo neno lafaa. Lakini katika Tanganyika ya Wajerumani akida alikuwa mtu wa serikali mwenye kutoza kodi na kuwatoa watu kazini kwa nguvu, na chuki juu yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea vita vya Maji Maji vya miaka 1905 hadi 1907. Hilo si hasara tupu. Mzee aliyekumbuka maakida, akisoma kwamba akida mmoja alikuwa na imani kuliko watu wa Israeli, alistuka. Na Wayahudi waliosikia habari hiyo mara ya kwanza nao yamkini walistuka vivyo hivyo. Kijana wa leo hajui chuki hiyo wala cheo hicho, na neno limebaki kama ganda.

Kadhi ni shauri jingine. Liwali na akida wamekwisha, bali kadhi yuko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za kadhi kwa mashauri ya Waislamu ya ndoa, talaka na mirathi, na Zanzibar vilevile zipo. Neno ambalo pwani ya zamani lilimaanisha mwamuzi wa watu, leo lamaanisha mwamuzi wa dini moja. Sasa soma mbele ya watu mfano wa kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, anayemtaabisha mjane. Jirani Mwislamu apitaye dirishani atasikia nini? Atasikia waamuzi wake wakitukanwa kanisani, na hali Injili haikuwataja kabisa. Hapa nchi imebadili sheria zake, na neno la haki limegeuka kuwa neno la kuudhi, pasipo mtu yeyote kulitaka. Katika makosa yote tuliyoyataja, hili ndilo tungetaka liondolewe kwanza, kwa kutia hakimu au mwamuzi.

Wako wasemao: basi tugeuze vyote kuwa kilo, lita na shilingi, tumalize. Hatukubaliani nao. Shilingi ya mwaka huu si ya mwaka ujao. Atakayeandika bei ya shomoro kwa shilingi za leo ataacha kazi kwa wajukuu wake, kama aliyeandika nusu rupia alivyotuachia sisi. Na lita, ijapokuwa ni kipimo cha sheria, haina kazi kwenye unga: hakuna mama aendaye sokoni kununua lita 39 za unga. Hata sasa, mizani ya kilo ikiwa imesimama mbele yake, muuzaji wa Kenya hupima mahindi kwa gorogoro, na wa Tanzania kwa debe. Waislamu wa pwani hutaja pishi wanapoeleza zaka ya fitri. Serikali huweka kipimo kwa siku moja, nao watu hukipokea kwa muda wa maisha yao.

Twaona basi kwamba wenye kusahihisha tafsiri wafuate mambo matatu. Mahali ambapo kipimo kimefanywa kwa mwili au kwa siku ya mtu, kama dhiraa, kibaba, saa na mwendo wa njia, kibaki. Na dinari ielezwe daima kuwa ujira wa siku, mahali pote, kwa neno moja. Mahali ambapo kiasi kimoja chalinganishwa na kingine, ifanywe orodha moja ya ulinganifu kabla ya kuanza kuandika, nayo ishikwe tangu Mathayo hata Ufunuo. Na mahali ambapo cheo cha zamani kimekuwa mali ya watu fulani walio hai, litafutwe neno lisilo na mwenyewe.

Mpaka hayo yafanyike, kazi imebaki kwa mwalimu na padre. Haihitaji vitabu vingi. Yahitaji debe mbili za unga zitajwe siku ya mfano wa chachu, na kabla ya kusoma habari za mjane watoto waulizwe kwanza bei ya shomoro.